Kitambaa Changu na Tableti Yako

Mwanangu Manka,

Shikamoo yako ya leo nilishaipokea asubuhi ukiwa unafunga sanduku, na marahaba nilikupa, kwa hiyo barua hii haina salamu ndefu. Umekwenda Tabata kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule mara mbili. Nina nafasi ya kutosha. Nimekaa kwenye meza ile ile uliyokuwa unafanyia homuweki, nimezima redio, na wateja wangu wa viatu pale soko la Mchikichini nimewaambia leo Mama Manka hayupo. Wamezoea kunipigia hata nikiwa kanisani. Leo wasubiri.

Sikuandikii habari za sweta, wala za kula, wala za nani umfungulie mlango huko Makambako unakokwenda kufanya kazi na kenta yetu. Hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka ukawa unayajibu kabla sijayamaliza. Na ya injini ndiyo kabisa, sina cha kukufundisha. Mimi niliishia darasa la saba. Wewe umetoka chuo cha ufundi na cheti ambacho nimekipiga picha nikakituma kwenye magrupu yote matatu, la kanisa, la soko na la ukoo. Machame nzima wanajua kuna binti anaifungua injini na kuirudisha bila kubakiwa na nati mkononi. Mjomba wako akaandika, "Sasa huyu ataolewa na nani?" Nikamjibu, "Na mwenye gari bovu." Walicheka mpaka jioni.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya tableti. Kesho ukipanda kwenye kenta kuendesha utaikuta ndogo, imefungwa kushoto kwa usukani. Najua utashangaa, maana Jumamosi tuliachana tukiwa tumekubaliana kubwa. Yaani mimi nilikuwa nimekubaliana.

Hebu nikukumbushe ile Jumamosi, uione na kwa macho yangu. Tulipoingia kwenye lile duka la Kariakoo, mimi nilikuwa najiona kama natembea na daktari. Ulikuwa umeshanieleza nyumbani kwamba kile kidude ulichochomeka chini ya usukani kinaisoma injini, kinatuma habari bila waya, joto la maji, mizunguko, chaji ya betri, na kwamba simu haifai kazi hiyo kwa sababu ikipigwa namba zote zinapotea kwenye kioo. "Na anayenipigia nikiwa barabarani ni wewe, mama," ukasema. Nikakubali, maana kweli.

Halafu ukaanza na yule kaka muuzaji. Hii kioo chake juani kinaonekana? Ikikaa kwenye dashibodi mchana kutwa inavumilia joto? Nikiichaji huku inafanya kazi, chaji inapanda au inashuka? Waya unaingilia upande gani, nisije nikaufunga na kishikio? Ukaitoa nje mpaka Mtaa wa Msimbazi, ukaiinamisha juani, ukaizungusha, ukarudi. Ukachukua nyingine, ukatoka nayo tena. Yule kaka akakutazama weee, akasema, "Dada, unanunua tableti au unachumbiwa nayo?"

"Ingekuwa uchumba ningeuliza machache," ukamjibu.

Mwanangu, nilijivuna siku ile. Duka zima liligeuka. Yule mama aliyekuwa ananunua simu pembeni akaniuliza, "Huyu ni wako?" Nikamwambia, "Ni wangu, na hajaanza hata kuuliza."

Kiburi kile kile ndicho kikaniharibia. Wewe ulikuwa umeshachagua, ile ndogo nyeusi ya inchi nane isiyo na mbwembwe. Mimi macho yangu yalikuwa juu ya rafu, kwenye ile kubwa inayong'aa, pana kama sinia. Nikasema, "Chukua ile. Binti yangu hawezi kwenda Makambako na kitu kama kiganja cha mtoto."

"Kubwa itanizibia, mama."

"Itakuzibia nini, ukuta?"

Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Ukaitazama kidogo ile ndogo, ukairudisha kwa muuzaji kwa mikono miwili. Ukasema, "Sawa mama."

Mimi nikasikia "sawa mama" nikadhani nimeshinda. Tukaondoka bila kununua, ukidhani nimeahirisha. Jumatano nikarudi peke yangu, nikaichukua ile kubwa, nikampelekea fundi pale gereji Ilala ambako kenta ilikuwa inafanyiwa sevisi. Nikamwambia aifunge katikati kabisa, mbele ya usukani, ionekane. Nilitaka kesho upande uikute. Nilishaanza kuuona uso wako.

Sasa hapa niache kidogo Kariakoo, nikurudishe nyuma, kwa Baba Zuhura.

Unamkumbuka. Dereva wetu wa kenta ya kwanza, yule mtu wa Masasi, mrefu, aliyekuwa anakuletea korosho kwenye karatasi. Ulikuwa darasa la nne. Umekua ukinisikia nikisema Baba Zuhura ndiye aliyeiua kenta yetu kwa uzembe. Nimelisema hilo sokoni, kwenye vikao vya harusi, mbele ya mchungaji. Juzi juzi tu ulipokuwa unakagua rejeta nilikuambia, "Angalia usije ukawa Baba Zuhura." Ukatikisa kichwa ukaendelea kukaza.

Kenta ile niliinunua baada ya baba yako kutuacha, Mungu amlaze pema. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kwenye mstari wetu wa viatu kuwa na gari la kupeleka mabelo ya viatu mikoani, na nilihakikisha hakuna asiyejua. Unajua nyumba yetu ilivyo. Televisheni ina kitambaa, makochi yana vitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa maji nimeufumia. Sasa kenta ije ikae uchi? Nikafuma kitambaa cheupe chenye kingo za bluu, kirefu, maua kumi na moja kwa mstari mmoja, nikakitandika juu ya dashibodi, ncha zikaning'inia mbele kama kwenye kabati la sebuleni. Nilisema ni kwa ajili ya jua, lisipasue plastiki. Ukweli nilitaka wenzangu wakichungulia dirishani waone gari la Mama Manka lilivyopambwa.

Wiki ya kwanza tu Baba Zuhura akaniambia, kwa adabu, huku amevua kofia, "Mama Manka, hiki kitambaa kinaifunika geji ya joto."

Nikamwambia, "Baba Zuhura, wewe endesha. Usafi niachie mimi."

Akacheka kidogo. "Sawa mama."

Mtu mwenye umri wa kaka yangu mkubwa, ananiita mama kwa sababu gari ni langu. Na mimi kila nilipopanda nilikuwa nakaa upande wa abiria, Manka. Ukiwa upande ule unaona maua tu. Kitambaa kilikuwa kimependeza sana.

Kilichotokea mlimani Kitonga unakijua, ila unakijua kwa mdomo wangu. Gari lilikuwa limejaa, mpira wa rejeta ukapasuka katikati ya mlima, maji yakamwagika, mshale ukapanda, injini ikachemka mpaka silinda hedi ikapasuka. Kufikia moshi unaonekana, imeshakufa. Nilipigiwa simu, nikapanda basi la kwanza, nikamkuta amekaa kando ya barabara kwenye jiwe, na madereva wengine wanne wamesimama naye. Mbele yao wote nikamwambia maneno. Nikamwambia macho yake kazi yake ni nini. Nikamwambia kama geji haioni, basi barabara nayo anaionaje. Nikamwambia arudi kwao akachunge korosho. Wale madereva walitazama chini. Mmoja alitaka kusema kitu, Baba Zuhura akamshika mkono.

Akaniambia, "Nimekosa, mama. Sawa."

Hakutamka neno kitambaa. Angeweza. Mashahidi alikuwa nao.

Nilipopanda kwenye kibini kuchukua karatasi za gari, nikakikuta kiko juu ya kiti cha abiria, kiti changu, kimekunjwa vizuri pande nne kama kinarudishwa dukani. Nikakitia kwenye mkoba. Nilikuwa bado nina hasira hata sikujiuliza.

Nilijiuliza nilipokuja kukifua. Ile ncha iliyokuwa inaning'inia mbele ya usukani ilikuwa na alama nyeusi, ya grisi, ukubwa wa dole gumba. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa majivu, nikaanika, ikabaki. Haikuwa ya siku moja ile. Ilikuwa ya dole moja lililoshika pale pale kila siku, kila safari, kwa miezi. Alikuwa akiinua ncha ya kitambaa changu, anachungulia geji, anaishusha tena, nami kila nikipanda garini nakuta maua yangu yamelala sawasawa. Siku ya Kitonga, kwenye zile kona, alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Hakuwa na mkono wa tatu wa kuinulia urembo wangu.

Nilijua siku hiyo, mwanangu, nikiwa nimechuchumaa kwenye beseni pale uani. Nikakianua kilipokauka, nikakitia chini kabisa ya kabati. Jumapili iliyofuata nikasimulia tena kwamba dereva ni mzembe. Na kwa sababu nasimulia vizuri, hakuna mfanyabiashara wa viatu aliyempa gari tena. Akawa mlinzi kwenye ghala huko Buguruni. Mwaka juzi nilikutana naye Msimbazi. Yeye ndiye aliyenisalimia kwanza. Akaniuliza, "Manka hajambo?" Nikamwambia hajambo, anasomea magari. Akafurahi kweli, usoni. Nikamwambia nawahi, nikavuka barabara.

Sasa rudi nami leo asubuhi.

Nilikwenda gereji kuiona ile tableti kubwa ilivyofungwa. Kenta imeoshwa, inang'aa. Fundi hakuwepo kibinini, mlango wa dereva uko wazi, nikasema ngoja nipande nijione. Unajua sijawahi kukaa pale? Magari mawili nimemiliki, upande wa usukani sijawahi kukaa hata likiwa limezimwa. Nikapanda, nikajivuta na gauni langu, nikashika usukani kama nakuona wewe. Nikainua macho.

Mbele yangu kulikuwa na tableti. Barabara upande wa kushoto chini, imeliwa. Na pale inapokaa mishale ya gari, joto na mafuta, hapaonekani kitu. Nikainamisha kichwa huku, nikakiinamisha kule. Halafu nikajikuta nimenyoosha mkono na kushika kona ya ile tableti kwa dole gumba, ili nichungulie nyuma yake.

Nilikuwa naliona beseni.

Fundi akaja anafuta mikono. Nikamwambia, "Fundi, hii imeziba geji."

"Imeziba, mama."

"Ulijua?"

"Nilijua wakati naifunga. Tableti ni ya kukusaidia tu, ikipata moto inajizima, waya ukilegea inajizima. Geji ya gari lazima uione."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akanitazama, akacheka, si kwa ubaya. "Nikuambie wewe, Mama Manka?"

Manka, nimetukanwa sokoni mara nyingi, na wanawake wanaojua kutukana. Hakuna lililoniingia kama lile.

Nikamwambia aifungue. Nikaitia kwenye mfuko nikaenda nayo Kariakoo kwa miguu, jua limewaka, nikamkuta yule kaka muuzaji. Akaanza, "Mama, kikishatoka dukani hakirudi." Nikamwambia nipe ile ndogo aliyoichagua binti yangu, kinachobaki kaa nacho, ila usinipe nyingine. Akasema ndogo nyeusi zimebaki za aina mbili, hakumbuki uliyoichagua ni ipi. Basi nikamuuliza maswali yako yote, kwa mpangilio ule ule, nimeyashika kichwani kama sala. Na nikaongeza la kwangu. Kulikuwa na gari limeegeshwa nje, nikaziweka zote mbili juu ya boneti lake zikiwa zimewaka, nikanunua dafu, nikanywa polepole. Yule kaka kajishika kiuno, watu wamejaa. Mwenye gari akaja akauliza kuna nini, nikamwambia tunafanya mtihani. Ya kwanza ikatoa maandishi mekundu, ikajizima kabla sijafika nusu ya dafu. Ya pili ikadumu mpaka nikala na nyama yake. Hiyo ndiyo utakayoikuta. Yule kaka akasema, "Sasa nimejua dada alikotoa." Nilimruhusu aseme mara mbili.

Fundi ameifunga kushoto, chini, usawa wa mkono wako. Nilipanda tena kwenye kiti chako kuhakikisha. Mishale yote inaonekana. Barabara inaonekana yote. Ule mlio uliotaka, wa joto likipanda kuliko lilivyozoea, ameuweka na tumeujaribu, unasikika hata injini ikinguruma, kwa hiyo huna haja ya kuikodolea macho. Unaona, nimeelewa kila kitu ulichokuwa unasema Jumamosi. Nilikuwa naelewa na siku ile pia. Ila sikuwa nasikiliza.

Umeshajua sasa kwa nini nimekuandikia badala ya kukuambia. Usoni kwako ningepindisha. Ningeanza na Baba Zuhura na kumaliza na mpira mbovu wa rejeta, tungecheka, ungelala ukidhani mama yako hajawahi kukosea ila kwa bahati mbaya. Nimejisifu mbele yako miaka yote hii, na mengi ni ya kweli, siyafuti. Lakini na hili lina nafasi yake humo.

Kinachonitisha si Kitonga. Kitonga utapanda vizuri kuliko madereva wengi wenye ndevu. Kinachonitisha ni ile tableti uliyoirudisha kwa mikono miwili. Ulikuwa unajua, ulikuwa na sababu, ulikuwa na cheti, na bado ulinipa "sawa mama" kwa sauti ile ile ya Baba Zuhura. Nikahesabu leo njiani ni mara ngapi umenipa sauti hiyo. Ulipotaka kusomea Arusha. Ulipotaka kukata nywele. Yule kijana wa Mbeya ambaye hutaki tena nimuulizie. Sijui chini ya kila moja kulikuwa na nini, maana nilikuwa nimekaa upande wa maua.

Kesho unakwenda mahali ambako sitaona hata uso wako. Mkononi nitabaki na sauti tu, na sauti yako umeifundisha kunifurahisha. Gari likianza kuumwa, ama wewe ukianza kuumwa, ama kazi ikikushinda, ama watu wa huko wakikunyanyasa, utanipigia useme kila kitu kiko sawa, kwa sababu unajua nitakwenda kusimulia Mchikichini kwamba kila kitu kiko sawa. Nami nitasimulia kweli. Najijua.

Ule mfuko mweupe wa tableti nimeushona mchana huu. Ni kile kitambaa. Nimekitoa chini ya kabati nikakikata. Ncha yenye alama ya dole gumba sikuitupa, nimeishona kwa nje, kwenye kifuniko, pale utakaposhika kila ukifungua. Gari likizimwa ivalishe, vumbi la huko ni baya. Gari likiwaka ivue, mfuko uutie chini ya kiti. Usiutandike mahali popote hata ukiona panapendeza.

Baba Zuhura si mzigo wako. Kesho ukishatoka nitapanda bajaji mpaka Buguruni, kwenye ghala lao. Sijui nitamwambia nini, na kwangu mimi kukosa la kusema ni jambo geni. Nitaanza na shikamoo. Miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa ananiamkia, na umri ni wake.

Barua hii nimeiweka ndani ya mfuko, utaiona utakapoivua tableti. Utaisoma ukiwa umesimama, si unaendesha. Ukiimaliza nipigie. Uniambie ile kubwa ilikuwa upuuzi. Uniambie uliumia nilipokucheka mbele ya watu. Uniambie nimemdhulumu mtu na nimechelewa. Uniambie lolote lililo chini ya kitambaa, nitalisikiliza mpaka mwisho, na nikianza kujitetea unikatie simu.

Ila usiniambie sawa mama.

Anayekupenda na kukuringia,
Mama yako